Unyevu Nyumbani: Maji Yapita Njia Gani?

Mtu akiingia katika nyumba yenye unyevu, pua humpa habari kabla ya macho. Kuna harufu ile ya nguo iliyokunjwa kabla haijakauka. Akiinua godoro ataona koga upande wa chini. Akifungua sanduku ataona kanga zina madoa meusi. Na mwalimu akitoa daftari la mahudhurio kabatini ataona kurasa zimeshikamana. Chumvi iliyo katika bakuli imekuwa bonge moja. Mambo haya yamezoeleka sana katika wilaya zenye mvua nyingi, hata watu husema, "Ndiyo masika," wakayaacha. Nami nalisema vivyo hivyo miaka mingi, mpaka nyumba yangu iliponifundisha.

Naishi katika nchi ya Rungwe, kusini-magharibi ya Tanzania, mahali palipoinuka karibu mita 1,500 juu ya bahari. Mvua ya huko haina mchezo. Huanza mwezi wa Novemba, huzidi Machi na Aprili, na hata Mei bado yanyesha. Kwa mwaka hupita milimita 2,000. Kisha huja baridi ya Juni na Julai pamoja na ukungu. Nyumba yangu ni ya matofali ya kuchoma yaliyojengwa kwa udongo, na paa lake ni la bati. Katika chumba cha nyuma, walimolala watoto, ukuta ulikuwa umelowa tangu sakafuni mpaka usawa wa goti. Rangi ilibambuka, na mtoto wangu wa pili akawa na kikohozi kisichokwisha, usiku akipumua kwa mluzi.

Basi nalifanya kama wafanyavyo wengi. Nalinunua mifuko mitatu ya saruji, nikamwita kijana mwenye mwiko, tukapiga lipu laini tangu chini mpaka juu ya dirisha. Wageni waliisifu. Masika yaliyofuata unyevu ulitokea tena, lakini safari hii haukukoma gotini, ulifika kiunoni. Ilipokuwa Juni lipu ilitoa sauti ya uwazi ukiigonga kwa kidole, na mwezi wa Agosti kipande kikubwa kikaanguka, kikaja pamoja na ngozi ya matofali. Fedha niliyoitumia ilikuwa imewekwa kwa sare za shule.

Ndipo nalipomwendea mzee mmoja wa kijijini, fundi wa zamani aliyeacha kazi kwa sababu ya macho. Alikuja na jembe, si mwiko. Ukuta hakuushughulikia hata kidogo, alizunguka nje, akasimama nyuma ya nyumba, akaniuliza, "Mwanangu, maji haya yanatoka wapi?" Sikuwa na jibu. Nalikuwa nimekwisha kulipia dawa, nisijue ugonjwa.

Swali hilo ndilo somo letu. Maji huingia nyumbani kwa njia nyingi, na dawa ya njia moja haifai kwa nyingine, pengine hata hudhuru. Yapasa mtu aijue njia kabla ya kununua kitu chochote.

Tuanze na maji yatokayo ardhini. Tazama utambi wa taa. Mafuta yako chini, moto uko juu, nayo mafuta hupanda yenyewe pasipo mtu kuyavuta. Sababu yake ni kwamba utambi umejaa vijia vyembamba sana, na katika vijia hivyo maji na mafuta hujishika kwenye kuta zake yakapanda. Tofali la kuchoma lina vijia kama hivyo, na udongo wa ukuta unavyo, hata saruji inavyo. Mwalimu aweza kuwaonyesha wanafunzi jambo hili kwa tofali moja kavu. Na alisimamishe katika beseni lenye maji ya kina cha vidole viwili, kisha aendelee na somo lake la hesabu. Kabla ya kipindi kwisha wanafunzi wataona weusi wa maji ukipanda juu ya tofali.

Akitaka kuendelea, na achukue chupa mbili za plastiki, akate vitako vyake, afunge midomo kwa kitambaa chembamba, azigeuze midomo chini. Moja aijaze udongo mkavu uliochekechwa, na ya pili aijaze kokoto kavu. Midomo ya chupa zote mbili ikitiwa katika maji, yatapanda ndani ya udongo lakini hayatapanda katika kokoto, maana kokoto zina nafasi pana, na katika nafasi pana maji hayana pa kujishika. Kwa sababu hiyo fundi mwenye akili hutandaza mawe na kokoto chini ya sakafu, unene wa inchi 4 mpaka 6, ndipo aweke karatasi nzito ya nailoni, na saruji juu yake. Kwa sababu hiyo hiyo, nyumba mpya ikijengwa, sharti nailoni au lami ilazwe juu ya msingi kabla ya kozi ya kwanza ya matofali. Gharama yake siku ya kujenga ni ndogo sana. Kuitia baadaye, ukuta ukiwa umesimama, ni kazi kubwa, na wengi hawaiwezi.

Unyevu wa ardhini una alama zake. Huanza chini, na kwa kawaida haupiti mita moja. Mara nyingi ukingoni mwake juu huonekana chumvi nyeupe kama unga, kwa kuwa maji hupanda na chumvi ya ardhi, kisha maji huruka hewani na chumvi ikabaki. Sasa msomaji ataona kosa langu. Ukuta wangu ulikuwa ukitoa maji yake hewani pale gotini. Nalipoufunika kwa saruji naliuziba pumzi, na maji yalipokosa mlango wa chini yakapanda kutafuta wa juu. Ni kama mtu aliyezibwa pua ili apone mafua.

Sisemi saruji ni mbaya. Juu ya ukuta mkavu haina neno. Lakini ukuta wenye maji hutaka lipu inayopitisha mvuke, nayo ni ya chokaa na mchanga, au ya udongo kama waliyoijua bibi zetu. Watu wa Unguja wanalijua jambo hili kwa hasara. Nyumba za Mji Mkongwe, ulioingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000, zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, navyo hunywa maji na kuyatoa. Kuta za namna hiyo zikipigwa lipu ya saruji, maji na chumvi hufungiwa ndani, na jiwe huanza kumong'onyoka nyuma ya lipu inayoonekana nzima. Na aliye pwani asijenge kwa mchanga wa ufukoni, kwa kuwa una chumvi, na chumvi huvuta maji ya hewani. Ukuta wake utalowa hata siku isiyo na mvua.

Turudi nyuma ya nyumba yangu, kwa mzee na jembe lake. Alinionyesha kwamba ardhi ya nje ilikuwa imepanda. Miaka mingi twalikuwa tukifagia uwanja na kusukuma takataka upande ule, na mke wangu alikuwa amepanda tuta la mboga karibu na ukuta, nami nikamsifu kwa bidii. Hivyo udongo wa nje ulikuwa juu kuliko sakafu ya ndani kwa shubiri nzima. Na maji ya paa yalianguka papo hapo.

Tufanye hesabu, maana watu wengi hawaamini wingi wa maji ya paa. Mvua ya milimita moja ikinyesha juu ya mita moja ya mraba huleta lita moja ya maji. Paa langu hufunika urefu wa mita 10 na upana wa mita 8, yaani mita za mraba 80. Mvua nzuri ya alasiri moja huleta milimita 25. Basi 80 mara 25 ni lita 2,000, ndizo ndoo 100 za lita 20. Nusu huanguka mbele na nusu nyuma. Kama ningemwona jirani akimwaga ndoo 50 za maji penye msingi wangu kila alasiri, ningempeleka barazani kwa wazee. Nami nalikuwa nikijifanyia mwenyewe.

Kazi ilituchukua siku tatu, mimi na ndugu yangu. Tuta la mboga lilihamishwa. Tukachimba udongo na kuuondoa mpaka uwanja ukawa chini ya sakafu kwa inchi 8, tukaupa mteremko wa sentimita 5 kwa kila mita, kwenda mbali na ukuta. Futi 4 kutoka ukutani tukachimba mtaro unaopeleka maji migombani. Mahali matone ya paa yanapoanguka tukapanga mawe, kwa sababu tone likianguka juu ya udongo mtupu hurukia ukuta na kuupaka matope. Paa lenyewe lilikuwa fupi upenuni, nusu futi tu. Tuliongeza mabati likatoka futi 2. Mwenye uwezo na atie bomba la kukinga maji chini ya paa na kuyapeleka katika tangi, naye atapata faida mbili. Mtaro usiachwe ukatuama, maana mbu hawana haja ya ziwa.

Kuhusu mtaro kuna neno ambalo mwenye nyumba hawezi kulimaliza peke yake. Katika vijiji vya milimani nyumba ziko moja juu ya nyingine, na mtaro wa aliye juu mara nyingi huishia katika ukuta wa aliye chini. Nimeona undugu ukivunjika kwa jambo hili. Hapa ndipo linapotakiwa neno la chifu au mwenyekiti wa kijiji: aitishe watu kabla ya mvua, wapite pamoja njia nzima ya maji tangu juu mpaka bondeni, wakubaliane mahali pa mtaro mmoja wa wote.

Lipu iliyobaki tuliibandua, tukauacha ukuta wazi mpaka mwisho wa Oktoba. Ukuta uliolowa miaka mingi haukauki kwa juma moja, hutaka miezi. Ndipo tukaupiga chokaa. Masika yaliyofuata unyevu ulionekana upana wa kiganja juu ya sakafu, haukuzidi, nao umekaa hapo mpaka leo. Dawa kamili ingekuwa nailoni juu ya msingi, nami sikuitia siku ya kujenga.

Mtoto hakupona siku moja. Nalimpeleka kwa daktari, akapewa dawa ya pumu, na dawa hiyo anayo hata sasa. Lakini siku za mluzi zimepungua sana. Shirika la Afya Duniani mwaka 2009 lilitoa kitabu cha mwongozo juu ya unyevu na kuvu katika nyumba, likaonyesha kwamba wakaao katika nyumba za namna hiyo huugua zaidi kikohozi, kupumua kwa mluzi, pumu na maradhi mengine ya njia ya hewa. Kwa hiyo mzazi asilichukue doa jeusi la ukutani kuwa ni jambo la uchafu tu.

Kuna maji mengine ambayo hayatoki ardhini wala mbinguni, bali tunayafanya sisi wenyewe. Nyumba kavu kwa msingi na paa yaweza kulowa kwa pumzi za wenyewe. Mtu aliyelala usiku kucha hutoa kwa pumzi na ngozi maji yapatayo kikombe kikubwa; watu sita katika vyumba vilivyofungwa hutoa zaidi ya lita moja. Sufuria ya maharage ikichemka asubuhi nzima, maji yaliyopungua yamekwenda hewani. Na jambo hili huwashangaza wengi: lita moja ya mafuta ya taa ikiungua jikoni huzaa karibu lita moja ya maji, kwa umbo la mvuke.

Mvuke hauonekani mpaka ukutane na kitu cha baridi. Hewa ya joto hubeba maji mengi, hewa ya baridi hubeba machache. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye joto la nyuzi 20 yaweza kubeba gramu 17 za maji. Ikishuka mpaka nyuzi 10 hubeba gramu 9 na kidogo tu, na zilizozidi lazima zitue mahali. Usiku wa Julai bati hupoa upesi kuliko kitu chochote, basi mvuke wa chumbani hutua chini yake, na alfajiri matone huanguka juu ya blanketi. Mwenye nyumba hupanda juu kutafuta tundu, akapaka lami kila msumari, na kesho yake bati latoa jasho tena. Hakuna tundu. Pwani huonekana kinyume chake: upepo wa joto wenye maji huingia kabla ya mvua, ukakuta sakafu ya saruji bado ina ubaridi, nayo sakafu ikalowa kana kwamba mtu ameipiga deki.

Dawa ya jasho ni njia ya kutokea mvuke, pamoja na kuzuia ubaridi wa bati. Acheni nafasi kati ya ukuta na paa, yenye wavu ikiwa mnaogopa popo. Fungueni madirisha saa za jua, tangu saa nne mpaka saa kumi, hata wakati wa Julai. Chini ya bati wekeni dari. Kwetu mianzi ni mingi, na dari ya mianzi iliyosukwa na kutandikwa mkeka hupunguza jasho sana. Kitanda na kabati visigusane na ukuta wa nje. Acheni nafasi ya kupitisha mkono. Nguo zilizofuliwa zisianikwe chumbani mwa kulala. Najua watu hufunga madirisha kwa kuogopa wezi na baridi, wala siwalaumu. Lakini dirisha dogo la juu, asiloweza kupita mwizi, hupitisha mvuke vizuri.

Naonya jambo moja. Wengine hukausha chumba kwa jiko la mkaa, wakafunga mlango na kulala. Mkaa hutoa hewa yenye sumu isiyo na harufu, na wako waliolala hivyo wasiamke. Jiko la mkaa lisilale ndani na watu, hata baridi ikiwaje.

Msomaji aliyeona unyevu asiyejua kama watoka ukutani au hewani, na afanye hivi. Achukue kipande cha nailoni kinachopitisha nuru, ukubwa wa karatasi ya daftari, akibandike ukutani au sakafuni kwa gundi pande zote nne. Akiache siku mbili. Akikuta maji chini ya nailoni, yatoka ndani ya ukuta au ardhini, basi aende nje na jembe. Akikuta maji juu ya nailoni, yatoka hewani, basi afungue dirisha.

Nimebakisha habari ya mahindi, nayo ni kubwa kuliko ya lipu. Siku hizi wengi wetu tumeacha ghala la nje, kwa wizi, twaweka magunia chumbani. Gunia lililosimamishwa juu ya sakafu yenye unyevu, likiegemea ukuta wenye unyevu, hunywa maji kama tofali lilivyokunywa katika beseni. Kuvu humea, na namna moja ya kuvu hutoa sumu iitwayo sumukuvu. Mwaka 2004 katika wilaya za mashariki ya Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kwa sumu hiyo, nao 125 wakafa. Uchunguzi ulionyesha kwamba wenye kuhifadhi mahindi ndani ya nyumba walipatwa zaidi kuliko wenye kuyahifadhi ghalani. Sumu hii haionekani kwa macho, wala haiishi kwa kupikwa ugali. Na aliaye kidogo kidogo miaka mingi hujitia katika hatari ya saratani ya ini.

Magunia na yakae juu ya kichanja cha mbao, futi moja juu ya sakafu na futi moja mbali na ukuta. Wala yasiingizwe kabla mahindi hayajakauka. Wazee huuma punje kwa meno, lakini meno ya watu si sawa. Kipimo cha chumvi ni bora: tieni mahindi ndani ya chupa ya kioo mpaka robo yake, ongezeni vijiko viwili vya chumvi kavu, fungeni kifuniko, tikiseni kwa nguvu, kisha iacheni robo saa. Chumvi ikishika kuta za chupa, mahindi yana maji zaidi ya asilimia 15, nayo yarudi juani. Isiposhika, yamepungua hapo. Lakini mahindi ya kuwekwa muda mrefu hutakiwa yafike asilimia 13 na nusu, kwa hiyo anikeni tena siku moja au mbili za jua kali ndipo mfunge magunia. Chupa yenyewe ikaushwe juani kwanza, na chumvi ikaangwe kidogo ikapoe, maana vikiwa na unyevu kipimo chote kitasema uongo.